Matundu Mawili Chumbani kwa Mama

Baba,

Ulipokuwa hai nilikuamkia hata ukiwa umegeukia ukutani, na wewe uliitikia marahaba kabla hujafungua macho. Sasa nikikuamkia naona kama nakusumbua. Wacha nianze tu.

Nyumba yako imesimama. Ile ya kiwanja cha Haltom City, ulikokuwa ukitutembeza kila tulipokuja huku kama vile kuna kitu cha kutazama, na palikuwa na majani makavu na kipande cha uzio basi. Sasa kuna kuta, paa, madirisha, na mlango wa mbele wa buluu aliouchagua Mama. Ndani bado saruji tupu. Lakini imesimama, na mimi nimefanya jambo juu ya nyumba hiyo ambalo Mjomba Omari analiita upumbavu. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Nataka nikueleze wewe, kwa sababu ni wewe peke yako niliyeweza kukueleza kitu hadi mwisho bila kukatwa.

Kwanza habari zetu, tungali kwa Mjomba. Mama ni mzima. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, na akirudi hukaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kushuka. Nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe. Houston haendi ila kaburini kwako, na hata hapo hutaka Mjomba azunguke mbali ili asiione Gulfton, mtaa wetu wa zamani. Mimi nimemaliza shule. Siku ya kupewa vyeti walilitamka jina langu vibaya, nikapanda jukwaani mbio na kushuka mbio, na katika picha zote nimetazama chini. Ungecheka sana. Ungesema, "Huyu mtoto anatembea kama aliyeiba."

Yaliyotokea Gulfton unayajua kuliko sisi, lakini mimi sijawahi kuyasema, hata kwa yule mshauri wa shule aliyenipa biskuti ili nifungue mdomo. Niache niyaandike mara hii moja. Mke wa Mjomba alikuwa amejifungua, na Mama akaja huku Haltom City kumlea mzazi hadi arobaini itoke, kama tunavyofanya kwetu. Mimi nilimfuata kwa basi mwisho wa juma, baridi ikanifungia huku. Wewe ulibaki kwa sababu ya kazi. Barabara zikajaa barafu. Umeme ukakatika huko kwenu. Ulitupigia simu ukicheka, ukasema umekuwa samaki wa friza. Ukasema umewasha jiko la makaa, lile dogo tulilotoka nalo Mombasa, umelisogeza karibu na kochi na umeteleka chai ya tangawizi. Mama akakwambia ujifunike vizuri. Akakwambia na chini ya mlango uzibe, baridi inaingilia hapo.

Ukaziba. Waliokuja kukutazama walikuta taulo limesokomezwa chini ya mlango, na katika nyufa za dirisha nguo zangu za utotoni, zile Mama alizokuwa amezikunja ili azitume nyumbani. King'ora cha moshi na gesi ya makaa kilikuwa kabatini. Ulikitoa mwenyewe zamani, kwa sababu kililia kila Mama alipokaanga samaki. "Jogoo wako huyu atatufukuzisha kwa majirani," ulimwambia, ukamfungia huyo jogoo kabatini na betri zake ukazitia kwenye rimoti ya televisheni. Tulicheka siku hiyo. Sote watatu tulicheka.

Kwa Bibi, Mombasa, jiko huwashwa ndani na hakuna aliyewahi kufa. Nyumba yake ina matundu juu ya kila dirisha na juu ya kila mlango, yamechongwa maua, na moshi hutokea hapo bila kuonyeshwa njia. Ulizaliwa humo. Nani angekwambia kwamba chumba cha ghorofani Gulfton ukikiziba hakina pa kupumulia?

Na ndiyo maana ulitaka nyumba yenye matundu. Ulikuwa unasimama katikati ya kile kiwanja, mikono kiunoni, ukituambia upepo wa kusi huku unavuma kweli kweli, tutauingiza kwa mbele utokee nyuma, na kampuni ya umeme itatusahau kabisa. Mama akakuuliza, "Na joto la Agosti je?" Ukamwambia, "Agosti tutalala nje kama paka." Alikurushia kiatu.

Mama aliamua kujenga. Sikutarajia. Alitoka edani, halafu siku moja mezani akasema, "Kiwanja cha mume wangu hakiwezi kulala na majani." Mkopo wa riba hakutaka hata kuusikia, kama wewe. Kwa hiyo tumejenga kama wanavyojenga kwetu. Kikipatikana kitu kinageuka ukuta, kisipopatikana tunangoja. Mjomba ametoa, watu wa msikitini wametoa, Mama amefanya zamu za watu wengine.

Kontrakta wetu ni Mkenya wa Nakuru, anaitwa Mwangi, anakaa Irving. Ni mtu mwema. Huongea kwa sauti kubwa kana kwamba wewe uko ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye aliyeleta habari za ruzuku. Alitueleza tumesimama pale pale kwenye msingi. Ukijenga nyumba isiyokula umeme mwingi, kuna mipango miwili inayokulipia sehemu kubwa ya madirisha ya vioo viwili, na pamba ya kuzuia joto ndani ya kuta, na mashine ile ya bei ghali inayotoa baridi kiangazi na joto kipupwe. Sharti ni moja. Nyumba izibwe isipitishe hewa, kisha ipimwe. Ikishindwa mpimo, hupati kitu chochote.

"Mama Rukia, hizo ni pesa za bure," alisema. "Utazikataa aje?"

Mama akamuuliza matundu yatakuwa wapi.

"Matundu gani?"

"Ya hewa. Juu ya madirisha."

Mwangi akacheka, si kwa ubaya. "Madam, hii ni Texas. Huku nyumba haipumui. Ukiwekea matundu unapoza barabara yote ya mtaa, na bili inakuja kwako."

"Basi na mimi siishi ndani ya chupa," Mama akasema, akaenda kukaa garini.

Baba, makaratasi yote ni ya Kiingereza, na Mama aliniachia mimi. Kila neno la nyumba hii limepita mdomoni mwangu, mimi ambaye hata kuagiza chakula kwenye dirisha la mkahawa huwa moyo wanienda mbio. Nilikuwa nasimama katikati yao, Mwangi akichanganya Kiingereza cha ujenzi, Mama akinong'ona, na mimi nikilainisha ya huyu na kukoleza ya yule ili wasigombane. Jioni nilikuwa nasoma. Nilipiga hesabu ya gharama ya kuziba, nikatoa ruzuku, nikaweka bili ya kila mwezi ya nyumba iliyozibwa na ya nyumba ya kawaida, nikaenda mbele mwaka baada ya mwaka. Bila ruzuku, hatuwezi kuziba, ni ghali mno kwetu. Kwa ruzuku, tofauti inakuwa ndogo, na bili zenyewe zinairudisha mapema, kisha kinachobaki kila mwezi ni chetu. Kilitosha kunipeleka chuo cha uuguzi bila kungoja. Niligeuza hesabu kila upande, na kila mara nyumba iliyozibwa ilishinda. Nilifurahi, sikufichi. Nilidhani nimepata jibu na kazi iliyobaki ni kumweleza Mama vizuri.

Tukiwa bado tunaelezana, ruzuku moja ikafutwa. Ilikuwa ya serikali. Mwangi akapiga simu, hata salamu hakutoa. "Rukia, mwambie mamako moja imeenda. Wamekata. Tukiendelea kulala, hata hii ya pili itaenda na mtaniuliza mimi."

Mjomba akaja na hasira zake. "Dada, unapewa, unauliza maswali! Watu wanazitafuta hizi kwa tochi."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Wewe ukae humo basi."

Mwangi alijaribu kila njia, Mungu amlipe. Alisema ataweka king'ora cha gesi katika kila chumba. Mama akajibu, "Kilikuwepo." Mwangi anajua habari yako. Akasema basi ataweka matundu yenye vifuniko, unafungua ukitaka na unafunga ukitaka, siku ya mpimo tunafunga. Mama akatikisa kichwa. "Kinachofungika kitafungwa. Baridi ikimshika mtu huziba hata kwa nguo za mtoto wake."

Hilo sikulilainisha. Mwangi alilisikia lilivyo.

Nilikuwa na neno moja nililokuwa nimeliweka akiba, Baba. Nililiona ni la kweli, na bado ni la kweli. Nilimwambia tukitoka dukani, mifuko mapajani, yeye ameshika usukani. Nilimwambia nyumba iliyozibwa vizuri hukaa na joto muda mrefu hata umeme ukikatika. Chumba chetu cha Gulfton hakikuzibwa kilipojengwa, kilivuja kila mahali, ndiyo maana kikawa barafu, ndiyo maana ukawa huna budi. Nikasema, "Mama, tungekuwa na nyumba kama hii, Baba asingehitaji jiko."

Aliendesha hadi taa za barabarani. Zikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, naye bado amesimama.

"Babako angewasha," akasema. "Angetaka chai yake."

Ni kweli. Nakujua. Ungewasha. Chai ya umeme uliiita maji ya hospitali. Ungekaa katika nyumba yenye joto, umejifunika blanketi, huna shida yoyote, na ungelitoa jiko kwa sababu chai ni ya makaa, na ungetupigia simu ukitucheka. Na si wewe tu. Mjomba analo lake gerejini. Kila nyumba ya watu wetu niliyoingia huku, liko mahali, nyuma ya mlango au chini ya sinki. Zile hesabu zangu zilidhani waliomo ndani ya nyumba hawatawasha moto. Hazikutujua.

Hata hivyo Mama akakubali mpimo ufanywe. Sijui kama ni mimi niliyemchosha, au Mjomba, au ile ruzuku iliyofutwa. Alisema tu, "Fanyeni mpimo wenu." Mwangi alikuwa ameshaziba kuta na kutia madirisha akitumaini Mama atakubali, mashine bado haijaletwa. Tukipita, Mama atie sahihi, mashine ije.

Aliyekuja kupima alikuwa kijana wa Kizungu, mpole, mwenye madoadoa usoni. Alifunga turubai jekundu kwenye mlango wa mbele, katikati akaweka feni kubwa linalovuta hewa ya ndani kuipeleka nje. Akafunga madirisha yote, akatuambia tusitoke hadi amalize. Nilitafsiri. Mama alisema atangoja chumbani kwake, akaenda, akasimama karibu na dirisha, mikono ameifumbata ndani ya mtandio.

Feni likaanza. Sijawahi kusikia nyumba ikitoa sauti ile. Masikio yaliziba kama mtu aliyepanda ndege. Milango ya ndani ikaanza kusogea yenyewe, na wa Mama ukajifunga, pa! Kijana akacheka, akasema ni kawaida. Alitoa kijiti chenye moshi mwembamba. Unakipitisha kwenye kingo za madirisha, moshi ukiyumba unajua hapo hewa inapenya. Alipita sebuleni, akapita jikoni, akafungua chumba cha Mama akaingia na moshi wake.

Sikuwa nimemtafsiria Mama habari ya moshi, kwa sababu kijana mwenyewe hakuwa ameisema.

Hakupiga kelele. Nilisikia viganja vyake vikipiga kioo. Nilipofika alikuwa anapiga dirisha kwa mikono yote miwili, haraka haraka, kama anayebisha hodi, kwa sababu komeo la madirisha yale mapya hakulijua. Kijana alikuwa amesimama na kijiti chake, uso umemwiva, akiniuliza mimi amefanya nini. Nilipenya kati yao nikafungua dirisha. Mama akatoa kichwa nje hadi mabegani, akakaa hivyo.

Kijana alilizima feni. Aliomba radhi mara nyingi. Alisema alipaswa kueleza kwanza. Mama alimwitikia kwa mkono tu, akatoka nje, akaketi ukingoni mwa barabara juani, joto lile la Juni, buibui lake linagusa lami.

Na hapo, Baba, yule kijana akatazama kipimo chake akasema kabla dirisha halijafunguliwa alikuwa ameshapata kipimo cha nyumba nzima. Ni nzuri sana. Ni katika nyumba zilizozibwa vizuri kuliko zote alizopima mwaka huu. Hahitaji kurudia.

"Imefaulu!" Mjomba akapiga makofi. "Si niliwaambia? Imefaulu!"

Mwangi alinipa karatasi ya kutiwa sahihi. Nilimpelekea Mama pale ukingoni. Nikamwambia nyumba imefaulu. Hakuichukua karatasi. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, imegeuka juu, na viganja vilikuwa vyekundu.

"Sema wewe, Rukia," akasema. "Mimi nimechoka. Utakalosema, ndilo."

Nilisimama pale. Unajua mimi mbele ya watu nilivyo. Mjomba ananitazama, Mwangi ananitazama, yule kijana anakunja turubai lake huku akijifanya hanitazami. Nilikuwa na hesabu yote kichwani. Nilikuwa nimeusoma mpango wenyewe hadi maandishi madogo ya chini. Nilijua chuo, nilijua bili, nilijua Mjomba ametoa nini na amekosa nini kwa ajili yetu. Na nilijua kwamba nikitia karatasi ile mkononi mwa Mama atatia sahihi, atahamia, na ataketi katika chumba kile usiku wote macho wazi, kila siku, hadi afe. Hatalalamika. Atasema ni nyumba nzuri.

Nikasema, "Toboa."

Hakuna aliyenisikia. Sauti yangu waijua. Nikasema tena.

"Umesema?" Mwangi akainama kunielekea.

"Toboa chumba cha Mama. Moja juu ya dirisha, moja chini karibu na sakafu. Yasiwe na kifuniko."

"Huyu mtoto amelogwa," Mjomba akasema. "Shule ulikwenda kusomea nini?"

Mwangi aliteremsha sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. "Rukia, sikiza. Ukitoboa hapo, ruzuku imekwisha. Si ya chumba hicho peke yake. Yote. Na hairudi."

"Najua," nikamwambia. "Si mimi niliyesoma?"

Mjomba akaingia garini akaubamiza mlango. Mwangi alimtazama Mama, Mama akasema, "Ameshasema." Basi.

Nikamuuliza yule kijana, kwa Kiingereza, kama matundu mawili yangemwokoa mtu aliyewasha makaa ndani ya chumba. Sikutaka kujidanganya. Alifikiri kidogo. Akasema hapana, asingeyategemea hata kidogo, makaa hayawashwi ndani ya nyumba yoyote, yenye matundu wala isiyo na matundu. Alinijibu kwa upole, nadhani alianza kuelewa. Kwa hiyo ujue nilitoboa huku najua. Matundu hayazuii kifo. Yanamwezesha Mama kulala. Ndilo pekee nililolinunua, na bei yake ni ile niliyokwisha kukutajia.

Mwangi alitoboa mwenyewe siku iliyofuata. Alisema kipimo cha jiji ni chepesi kuliko cha ruzuku, tutapita, mradi mlango wa chumba hicho uzibwe vizuri ili hewa ya nyumba nzima isivujie humo. Vumbi lilijaa. Mama alikuja baada ya kazi, akiwa bado na sare, akaweka kiganja mbele ya tundu la juu. Nilingoja aseme kitu. Kitu kikubwa, nilidhani.

"Panya je?" akauliza.

Mwangi akaweka wavu wa chuma. Mama akapima tena kwa kiganja, akasema vumbi litaingia. Akasema itabidi kitanda kikae upande wa pili. Akaanza kupima kwa hatua pa kuweka kitanda. Tangu tuje huku sijamwona Mama akipanga mahali pa kulala. Kwa Mjomba amekuwa akilala kwenye kochi, viatu karibu na mlango.

Mashine ya bei ghali haitakuja. Tutawekewa kiyoyozi cha kawaida. Madirisha tayari yamo ukutani, itabidi tuyalipie sisi, kwa hiyo vigae havipo, tutahamia na saruji hivyo hivyo. Chuo nitangoja. Nimepata kazi Irving, karibu na kiwanja cha ndege, kwenye jiko linalopakia vyakula vya abiria. Napanga vijisahani kwenye trei, kijiko, mkate, siagi, kijiko, mkate, siagi. Hakuna anayenisemesha na napenda hivyo. Naenda kwa gari la jirani asubuhi na kurudi kwa treni na basi. Bili ya kwanza ya umeme ikija itakuwa ya jina langu, niliomba mwenyewe.

Je, nimekosea? Kwa hesabu, nimekosea. Nimeirudia mara nyingine tena juzi kwenye treni, nikitumaini nilisahau kitu. Sikusahau kitu. Mjomba ana haki ya kukasirika, pesa zake zimo katika zile kuta. Nimemnunulia mkate wa mofa aliozoea, akaupokea kupitia kwa mkewe. Atakuja kuzungumza. Au hatakuja. Mama naye hajaniambia ahsante, na sitaki aniambie, kwa sababu akiniambia itakuwa ameona nilichoacha, na sitaki akione.

Nikupe shida yangu moja halafu nikuache. Nimekukasirikia, Baba. Sijawahi kumwambia mtu. Nakukasirikia kwa betri za rimoti, kwa chai, kwa kucheka kwenye simu. Napita dukani naona magunia ya makaa yamepangwa karibu na mlango, na picha ya nyama choma juu yake, na natamani kulipiga teke gunia zima mbele ya watu. Halafu nakukumbuka umesimama juani kwenye majani makavu, unaonyesha upepo utakapoingilia, na hasira zote zinaniishia, nabaki sina hata hizo.

Tutahamia mwisho wa mwezi, Mwenyezi Mungu akipenda. Mama amesema hitima yako tuisome humo humo, kwenye saruji, tutandike mikeka. Nitakuja Houston kabla ya hapo kukuzuru. Nitasimama mbali kidogo kama kawaida yangu, nikuombee, niondoke.

Ninalokuahidi ni hili. Kiangazi chumba cha Mama kitakuwa tanuri na kipupwe kitakuwa barafu, na mimi nitailipa bili bila kunung'unika. Ving'ora vyote nimevipachika ukutani kwa mikono yangu na betri zake hazitaguswa. Na baridi ile ikirudi, kwa sababu itarudi, na umeme ukikatika, sitaacha mtu yeyote awashe moto ndani ya nyumba yako, si Mjomba, si mgeni, si Mama mwenyewe akinililia. Nitaingia kitandani kwake na kila blanketi tulilo nalo, nitamshika, na tutatetemeka hadi umeme urudi.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Rukia